Pirin kwa Siku Tisa: Mlima Kwanza, Ngoma Katikati, Mvinyo Mwisho

Kila ikifika Oktoba napokea malalamiko ya aina ileile. Mtu amerudi kutoka kusini-magharibi mwa Bulgaria, ametumia pesa nyingi, na Vihren, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Pirin, hakukifikia. Mmoja alikesha Bansko, mji ulio chini ya mlima huo, kwenye muziki wa jazi, akalala saa nane usiku, akaanza kupanda saa nne asubuhi, na ilipofika saa saba mchana radi ikamrudisha. Mwingine alianzia Melnik, mji wa mvinyo, kwenye mapipa, na siku ya mlima miguu ikamgomea. Mwingine alikwenda mwanzoni mwa Septemba kuona mavuno ya zabibu maarufu za Melnik, akakuta vichala bado vichungu.

Nguvu walikuwa nazo wote. Kilichowaangusha ni mpangilio. Ninaishi Sofia, nimewapeleka Pirin ndugu na marafiki wa kila umri, na nimeona kwamba mlima, sherehe na mvinyo vinaingia vizuri ndani ya safari moja mradi vifuatane hivyo.

Jambo moja kabla hatujaanza: saa zote humu ni za Kiswahili. Ratiba za mabasi zimeandikwa kwa saa 24, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi utaiona kama 06:00. Kuna mtu aliyekosa basi kwa hilo tu.

## Vitu vya kuwa navyo

Viza. Tangu 1 Januari 2025 Bulgaria imo kamili ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Kama tayari unaishi nchi nyingine ya Schengen na una kibali halali cha ukaazi, hicho kinatosha pamoja na pasi yako.

Bima ya mlima. Hii haimo katika ile ya viza. Soma masharti uone kama kupanda milima na kuokolewa vimetajwa. Kama havimo, ongeza.

Pesa. Tangu 1 Januari 2026 Bulgaria inatumia yuro, na leva haipokelewi tena madukani. Beba noti ndogondogo, maana vibanda vya mlimani na wauza mvinyo wa nyumbani mara nyingi hutaka taslimu.

Mavazi na vifaa. Buti za mlimani zenye soli yenye meno, ambazo umeshazivaa angalau wiki mbili. Koti la mvua, sweta, kofia ya jua na ya baridi, glovu nyepesi, miwani ya jua, krimu ya jua, fimbo mbili za kutembelea, tochi ya kichwani, chupa za kubebea lita tatu za maji, na ramani ya Pirin ndani ya simu inayofunguka bila mtandao. Kwa monasteri, suruali ndefu au sketi ya kupita magoti, na mtandio.

Maneno machache. Vibao vingi ni vya herufi za Kisirili. Jifunze хижа (hizha, kibanda cha mlimani), връх (vrah, kilele) na заслон (zaslon, kimbilio). Kisha zoea hili: Mbulgaria anayetikisa kichwa huku na huku anakubali, na anayekiinua juu anakataa. Sikiliza mdomo: da ni ndiyo, ne ni hapana.

## Hatua ya 1: Chagua sherehe, tarehe zitajipanga zenyewe

Mlima una majira yake na mzabibu una majira yake. Sherehe ina siku yake na haikungoji, kwa hiyo anza nayo.

Ukitaka jazi ya Bansko, iliyoanza mwaka 1998, nenda nusu ya kwanza ya Agosti. Maonyesho ni ya bure, uwanjani. Lakini panda Vihren siku mbili au tatu kabla ya usiku wa kwanza, maana ukishaanza kukesha hutaamka alfajiri.

Ukitaka wachezaji waliovaa ngozi za mbuzi na kengele kubwa kiunoni, nenda Razlog, mji jirani wa Bansko, 1 Januari. Mlio wa kengele hizo unasikika kifuani kabla ya masikio. Aliyewahi kucheza na njuga miguuni ataelewa haraka. Sherehe ya mzabibu, Trifon Zarezan, hufanyika Februari: kanisa huadhimisha tarehe 1, na wenyeji wengi bado wanashika tarehe 14. Wakulima hupogoa mizabibu na kumimina mvinyo kwenye mikato. Ni sherehe nzuri sana, lakini wakati huo Vihren ni theluji na maporomoko. Usiwaze kupanda.

Ushauri wangu kwa anayekuja mara ya kwanza ni Septemba 2 hadi 10. Theluji ya njia kuu imeyeyuka, radi za alasiri zimepungua, na 8 Septemba ni siku ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, sikukuu ya Monasteri ya Rozhen iliyo karibu na Melnik. Mwongozo wote uliobaki unafuata tarehe hizo.

Tahadhari: 6 Septemba ni sikukuu ya taifa. Watu wa Sofia humiminika milimani na Melnik. Chumba kiwekwe mapema, hasa Melnik, ambao ndio mji mdogo kuliko yote Bulgaria na vyumba vyake vinahesabika.

## Hatua ya 2: Fika Bansko, usikae Sofia

Tarehe 2 unafika Sofia, tarehe 3 asubuhi unapanda basi. Ni kilomita 160 hivi, mwendo wa karibu saa tatu. Bansko iko mita 925 juu ya bahari, na mwili unaanza kuzoea bila wewe kufanya lolote.

Kuna njia nyingine kwa mwenye subira: treni ya reli nyembamba kutoka mji wa Septemvri hadi Dobrinishte, inayopita Bansko. Reli yake ina upana wa milimita 760, urefu wa kilomita 125, na safari huchukua kama saa tano. Inapita Avramovo, kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote katika Balkani, mita 1,267. Napendekeza uipande kama unasafiri na watoto au wazee ambao hawatapanda mlima. Nao wapate siku yao.

Ukifika Bansko, muulize mwenye nyumba maswali mawili jioni hiyohiyo: gari la kwenda kibanda cha Vihren linaondoka saa ngapi, na hali ya hewa ya juu ikoje kesho kutwa. Kiangazi huwa kuna basi dogo, lakini Septemba safari hupungua. Kama halipo, panga teksi, na dereva akupe saa ya kukurudia.

## Hatua ya 3: Siku ya maziwa, tarehe 4

Usiende Vihren siku ya kwanza hata kama jua linawaka. Nenda hadi kibanda cha Vihren, mita 1,950, kisha tembea taratibu kwenye maziwa ya Banderishki yaliyo juu yake. Kwenda ni mwendo wa karibu saa moja na nusu.

Sababu ni tatu. Unapima buti. Unajifunza kusoma alama za njia, mstari wa rangi kati ya mistari miwili myeupe iliyopakwa kwenye mawe. Na unakiona kilele kutoka chini, ukijua kesho unapambana na nini.

Ukirudi, simama karibu na kibanda cha Banderitsa uone mti unaoitwa Baikusheva mura. Ni msonobari unaokadiriwa kuwa na miaka 1,300. Mzingo wake ni karibu mita 8, yaani watu wanne hawatoshi kuukumbatia. Mama yangu mkubwa, ambaye hakupanda popote, alikaa chini yake nusu saa nzima bila kusema neno, na mpaka leo ndio anaousimulia.

Jioni, kagua vidole vya miguu. Kama kuna wekundu mahali, bandika plasta leo. Kesho itakuwa umechelewa.

## Hatua ya 4: Vihren, tarehe 5

Vihren ni mita 2,914, wa tatu kwa urefu katika Balkani nzima baada ya Musala na Olympus. Kwa aliyepanda Kilimanjaro namba hiyo inaonekana ndogo: kilele hiki kiko juu kidogo tu ya Mandara, kibanda cha usiku wa kwanza kwenye njia ya Marangu. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kilimanjaro una kiongozi, mpishi na wapagazi. Hapa una ramani yako na akili yako.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi: amka. Kunywa chai, kula mkate na jibini. Jaza maji lita tatu. Vihren ni mlima wa marumaru, na marumaru humeza maji. Ukishapita kibanda hutakuta chemchemi hadi urudi.

Saa moja: anza kutembea kutoka kibanda cha Vihren. Fuata alama nyekundu. Njia inapanda kwa ukali tangu hatua za kwanza, katikati ya misonobari mifupi na mawe. Nenda mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukipitwa na babu wa miaka sabini mwenye fimbo ya mti, mwache apite. Hupita wengi.

Saa tatu au tatu na nusu: mgongo wa Kabata, mita 2,535. Hapa unapumzika na kufanya uamuzi mkubwa wa siku. Geuka utazame anga pande zote. Mawingu yakiwa meupe na bapa, endelea. Yakianza kuumuka kama hamira, na tumbo lake limekuwa jeusi, rudi chini.

Nilikuwa Kabata Agosti moja na binamu yangu kutoka Moshi, mtu aliyekwishafika Uhuru mara mbili. Wingu moja dogo lilikuwa limekaa nyuma ya kilele. Alisema litapita. Baada ya dakika ishirini mvua ya mawe ilikuwa inatugonga vichwani, marumaru imegeuka kama sabuni, na nywele za mikono yetu zimesimama kwa umeme wa hewani. Tuliinama, tukashuka mbiombio kwenye bonde, fimbo za chuma tumezitupa. Tangu siku ile sibishani na wingu.

Kutoka Kabata pinda kulia. Hapa ndipo marumaru nyeupe inapotawala, na mteremko ni mkali wenye kokoto zinazohama. Weka mguu wote chini, siyo vidole tu. Acha nafasi kati yako na wa mbele, maana jiwe likimtoka yeye linakufikia wewe. Ukigusa jiwe kubwa, lijaribu kabla ya kulikabidhi uzito wako. Vaa miwani, mwanga unaorudi kutoka kwenye mawe haya unaumiza macho kama theluji.

Saa tano: kilele. Utakuwa unaona tuta lote jeupe la Kutelo kaskazini na maziwa yakimetameta kusini. Mpaka wa kurudi ni saa sita mchana. Ikifika saa sita na hujafika, geuka hapo ulipo, hata kama umebakiza mita hamsini. Sheria hii ijadiliwe na wenzako kibandani asubuhi, kabla ya kiburi cha juu kuingia.

Koncheto usiiguse. Kule mbele, baada ya Kutelo, kuna ukingo mwembamba wenye waya wa chuma wa kushikilia, kwenye urefu wa mita 2,810 hivi, na pande zote mbili ni bonde. Picha zake zinavutia sana. Ni njia ya mtu mwenye uzoefu, hali ya hewa tulivu, na siku nzima ya ziada. Safari ya kwanza siyo hii.

Kushuka kunachukua saa mbili hadi mbili na nusu, na ndiko watu wanakovunjika. Fupisha hatua, tanguliza fimbo. Ukikutana na kondoo, zunguka mbali: mbwa wao ni wakubwa na kazi yao ni kulinda. Usikimbie. Simama, sema kwa sauti ya kawaida, mngoje mchungaji. Dharura yoyote piga 112. Wao huwasiliana na kikosi cha uokoaji cha mlimani.

Umefaulu ikiwa saa tisa alasiri umekaa kibandani na bakuli la supu ya maharage, magoti yanauma kidogo, na mvua ikianza inakukuta ndani.

## Hatua ya 5: Tarehe 6, siku ya akiba

Siku hii ni ya mlima kama jana ilinyesha. Watu huifuta kwenye ratiba ili kuokoa pesa, na ndiyo iliyowaokoa wageni wangu karibu kila mara.

Kama ulishapanda, lala, kisha ule. Chakula cha Bansko ni kapama, nyama za aina kadhaa na kabichi chachu zilizopangwa tabaka ndani ya chungu na kupikwa polepole kwa saa nyingi. Kwa kawaida imo nguruwe, na soseji kavu ya banski starets ni nguruwe pia. Asiyekula aseme "bez svinsko", yaani bila nguruwe, kisha aulize tena kwa kuonyesha chungu. Bob chorba ya maharage, samaki wa pastarva wa kukaanga, banitsa (andazi la tabaka lenye jibini) na saladi ya shopska (nyanya, matango na jibini) zitakushibisha bila wasiwasi.

## Hatua ya 6: Vuka kwenda Melnik, tarehe 7

Kwenye ramani Melnik iko nyuma tu ya mlima. Kwa barabara unazunguka: Bansko, Simitli, kisha kusini hadi Sandanski, halafu kilomita ishirini hivi hadi Melnik. Kwa basi utabadilisha Blagoevgrad na Sandanski. Mabasi ya kuingia Melnik ni machache, kwa hiyo lenga kufika Sandanski kabla ya saa nane mchana. Ukichelewa, teksi kutoka hapo si ghali mkigawana.

Ukikodi gari, kumbuka kiwango cha pombe kwa dereva Bulgaria ni 0.5 kwa elfu, na kuanzia 1.2 ni kosa la jinai. Kwa safari hii, gari liegeshwe likifika Melnik na lisiguswe hadi siku ya kuondoka.

## Hatua ya 7: Rozhen na ngoma, tarehe 8

Tembea kutoka Melnik hadi monasteri kwa njia ya miguu, mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu, katikati ya minara ya mchanga inayofika mita mia moja. Anza saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda. Kama usiku umenyesha, nenda kwa gari. Ule mchanga ukilowa unateleza na korongo hujaa tope.

Ndani ya monasteri funika mabega na magoti, zima simu, usipige picha kanisani. Mishumaa ya walio hai huwekwa juu, ya marehemu chini. Kaa pembeni utazame bibi wanavyoingia: wanabusu ikoni, wanaweka ua, wanatoka. Uani kuna mzabibu mkongwe unaotoa kivuli. Hapo ndipo pa kupumzikia.

Baada ya ibada, penye watu na zurna (zumari) hapakosekani horo, ngoma ya kushikana mikono kwenye duara lililo wazi. Mgeni ana makosa mawili hapa. La kwanza ni kujiunga kichwani, upande wa kulia. Pale ni pa kiongozi, anayeshika kitambaa. Ingia mkiani. La pili ni kuingia kwenye mdundo wa mapigo saba unaotawala Pirin kabla ya kuuelewa. Ngoja pravo horo, ambayo ina mdundo ulionyooka. Tazama miguu ya mtu wa tatu kutoka kwako, wa jirani atakuchanganya. Mama mmoja aliwahi kunishika mkono na kuhesabu kwa kunifinya kiganja: mfinyo mrefu, mifupi miwili. Dakika tano, nikawa nacheza.

Ukitoka duarani umelowa jasho na hakuna aliyekukanyaga, umefaulu.

## Hatua ya 8: Mvinyo, tarehe 9

Mvinyo umewekwa mwisho kwa sababu mbili. Huna tena mahali pa kupanda, na ulimi wako umeshazoea chumvi na jibini la huku, vitu ambavyo mvinyo huu uliumbwa kwenda navyo.

Ijue zabibu. Shiroka Melnishka Loza, maana yake mzabibu wa Melnik wa majani mapana, ndiyo ya wenyeji. Inachelewa sana kuiva. Mavuno ni Oktoba. Ndiyo maana wanasayansi waliizalishia mtoto anayeiva mapema, Melnik 55, na huyo Septemba anaweza kuwa tayari. Msomaji wa Dodoma, aliyezoea kuvuna mara mbili kwa mwaka, ajue hapa ni mara moja tu, na mkulima akipata mvua wiki ileile hana ya pili. Nyeupe za kutafuta ni Keratsuda na Misket ya Sandanski.

Weka miadi. Kiwanda kama Villa Melnik kijijini Harsovo au Orbelus karibu na Kromidovo kinahitaji ujumbe siku kadhaa kabla. Chagua kimoja asubuhi, siyo vitatu.

Onja kwa mpangilio. Nyeupe kwanza, kisha Melnik 55, mwisho Shiroka iliyokaa pipani. Kidogo tu kila glasi, kama vijiko vitatu vya kulia. Mkate katikati, maji kila mara. Kuna chombo cha kutemea mezani, na kutema hakumuudhi mwenyeji. Ukianza na Shiroka, ukakasi wake utaufunga ulimi na nyingine zote zitaonekana maji.

Shika glasi juu ya kitambaa cheupe. Melnik 55 inanukia cheri. Shiroka iliyokomaa inatoa harufu ya jani la tumbaku lililoanikwa. Ukiipata hiyo, kitu ulichokuja kukitafuta umekipata.

Alasiri nenda nyumba ya Kordopulova, iliyojengwa mwaka 1754. Chini yake kuna mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba wa mchanga, na mapipa bado yamo. Weka kiganja ukutani: baridi ileile Agosti na Januari. Ndiyo friji ya watu wa Melnik.

Tahadhari. Mvinyo wa nyumbani unaouzwa ndani ya chupa za plastiki barabarani unywe ndani ya siku mbili tatu, maana hauvumilii safari. Na rakia siyo mvinyo: ni pombe kali ya asilimia 40 au zaidi, huletwa mwanzoni na saladi. Mpe mwenyeji macho, sema "nazdrave" (kwa afya), onja, iweke chini.

Asiyekunywa hana hasara hapa. Mahandaki, mashamba na jamu ya tini changa ya Melnik vinatosha kujaza siku, na wenyeji hawamlazimishi mtu akisema hapana kwa sauti ya wazi.

## Hatua ya 9: Kurudi na chupa

Tarehe 10 ondoka asubuhi. Barabara inapita korongo la Kresna, nyembamba yenye kona, na gari moja likiharibika foleni inafika mbali. Ndege yako isiwe siku hiyohiyo.

Chupa za kununua ziwe na lebo inayosomeka Широка мелнишка лоза au Мелник 55. Funga kila moja ndani ya soksi, kisha ndani ya suruali, katikati ya sanduku la kukabidhi. Mkononi hazitapita ukaguzi. Ikifika nyumbani isimamishe siku tatu kabla ya kuifungua, mashapo yatulie chini.